Unasoma sheria Bukavu na unataka staji kwa jaji wa inje? Soma hii mbele ya kutuma dosie

Wadogo zangu wa fakilte ya sheria, kila mwaka hapa Bukavu nasikia mtu anataka kwenda La Haye, kule Uholanzi, kufanya staji kwa jaji, na ukiangalia dosie yake unakuta ni barua ndefu tu ya kusifu sheria ya kimataifa. Jaji hatafuti mtu wa kumsifia kitu. Anatafuta mtu wa kusoma mafaili mingi na kumuandikia kurasa chache zenye anaweza kuamini, hiyo njo kazi yenyewe, na unaweza kuanza kuizoea leo.

Kwanza chagua mlango. Kwa CIJ, korti ya Umoja wa Mataifa yenye kuamua kesi kati ya inchi na inchi, yenye majaji 15, wewe peke yako hauwezi kuomba ile programu ya vijana wanaosaidia majaji, ni iniversite njo inapendekeza jina yako. Inaanza mwezi wa tisa, inafika karibu miezi kumi, na kwa kawaida iniversite njo inalipa posho. Hapo wengi wanaachia, lakini 2020 Umoja wa Mataifa ulikubali mfuko wa kusaidia vijana wa iniversite za inchi zenye hazina makuta. Kwa hiyo nenda umuone doyen wa fakilte mapema na tangazo mukononi, usingoje yeye akuite. Kwa CPI, korti ya La Haye yenye kuhukumu watu kwa makosa makubwa kama ya vita, unajiandikisha mwenyewe kwa sait yao, staji ni miezi 3 mpaka 6, na kama unataka majaji chagua Shambre, pale majaji wanafanyia kazi, si biro ya prokirere mwenye kushitaki. Soma vizuri habari ya posho, juu staji nyingi hazilipwe. Na mtu akikuomba feza ya kufungua dosie, huyo ni mwizi, korti hizo haziombi hata franka.

Mimi ningeanza na Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko pale, ina majaji 11 lakini ni prezida tu mwenye kukaa pale muda wote, wengine wanakuja kwa vikao, so jua kama kazi mingi utaifanya na grefe, ile biro yenye kupokea na kupanga mafaili ya korti. Kongo iliratifie protokole yake, ile mapatano yenye iliunda hiyo mahakama, 2020. Na unaweza kufika kwa bus, unavuka Ruzizi, Kigali, Rusumo, unaingia Tanzania, na kule njiani hadi sokoni ni Kiswahili. Korti ya Afrika Mashariki nayo iko Arusha, na tangu 2022 sisi ni memba, ila pale kazi ni Kiingereza.

Sasa maandishi, hapa njo watu wanaangukia. Kama wanaomba mfano wa maandishi usiwatumie kipande cha TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, chenye kuanza na historia ya dunia. Chukua hukumu moja uifanyie noti. Mimi ningechukua kesi ya Kongo na Uganda: 2005 CIJ ilisema Uganda ilivunja sheria kwa kuingiza jeshi Kongo, na 2022 ikaamua Uganda ilipe dola milioni 325, wakati Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya miliari 11. Swali yako moja: juu ya nini ilishuka vile? Soma utaona ushahidi, nani alihesabu wafu, nani alileta karatasi za nyumba zenye zilichomwa, korti ilikubali ripoti gani na ilikataa gani. Andika swali kwa sentensi moja, jibu chini yake, kisha sababu, na kila sababu uweke namba ya paragrafu. Kurasa tano, basi. Mtu wa Kivu anaweza kuandika hiyo noti na roho yote, lakini roho ibaki kwa kazi ya kutafuta, isiingie kwa sentensi. Kisha mpe mtu asiyesoma sheria, asipoelewa jibu, andika tena.

Majina pia, tafazali. Sisi tuko na nom, postnom na prenom, na fomu za inje zinaomba mawili tu. Fuata vile pasiporti inasema, na kama postnom kwa relve, karatasi ya pointi zako, iko na herufi ingine, rekebisha mbele, si siku ya visa. Visa ya Schengen yenyewe anza mapema sana.

Ukikubaliwa, siri njo kila kitu. Hakuna foto ya dosie kwa WhatsApp, hakuna kuambia hata papa nyumbani jaji anafikiri nini, hata akikuuliza kwa simu na heshima yote. Na kama uko na ndugu mwenye aliguswa na kesi, tuseme familia yako inatoka Ituri na wanakupa dosie ya kule, sema siku hiyo hiyo kwa mwenye kukusimamia. Watakupa ingine. Ukinyamaza na ikajulikana, ni hukumu ya watu ile inaweza kushambuliwa.

Mbele ya kurudi, omba atestasion yenye kuandika kazi ulifanya, na uliza kama jaji ama asistanti wake anaweza kukuandikia rekomandasion wakati bado anakumbuka noti zako.