Somo: Kuiga mtiririko wa damu kwa kompyuta, hatua kwa hatua, kwa kutumia nozeli ya majaribio ya FDA

Wengi wanaoanza kujifunza uigaji wa mtiririko wa vimiminika hutamani kuanza na aota, valvu ya moyo au mshipa wa shingoni uliopigwa picha ya CT. Hamu hiyo ni njema, lakini ina hatari yake. Programu itakuletea picha nzuri yenye rangi hata kama umekosea kipimo, umekosea mnato au umeweka mlango wa kutokea mahali pasipofaa, na kwa kuwa hakuna aliyepima ndani ya mshipa ule, hutakuwa na chochote cha kukuonyesha kosa. Katika tiba kosa la namna hiyo linaweza kuishia mwilini mwa mtu. Kwa hiyo katika somo hili tutatumia umbo sahili ambalo mtiririko wake umekwisha kupimwa maabara, ili kila namba tutakayoipata iwe na cha kulinganishwa nacho.

Umbo lenyewe ni nozeli iliyobuniwa chini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kwa lengo la kujua uigaji wa kompyuta unaaminika kiasi gani katika kutathmini vifaa vya tiba vinavyopitisha damu. Bomba la kuingilia lina kipenyo cha mm 12. Linafuatwa na koni inayobana hadi kwenye koo lenye kipenyo cha mm 4 na urefu wa mm 40, kisha bomba hupanuka ghafla na kurudi kwenye mm 12. Mamlaka hiyo iliwaalika wataalamu duniani kuuiga mtiririko huo kabla hawajaonyeshwa vipimo vya maabara, na vikundi 28 viliwasilisha kazi zao. Majibu yao yalitofautiana sana, hasa baada ya upanuzi wa ghafla, ingawa wote walipewa umbo lile lile na kimiminika kile kile. Jambo hilo peke yake linatosha kutufundisha unyenyekevu.

Tutatumia OpenFOAM, programu huria isiyolipiwa, pamoja na ParaView ya kuonyesha matokeo. Tutachukua hali iliyo nyepesi kuliko zote zilizopimwa, ambapo namba ya Reynolds kwenye koo ni 500. Namba hii hulinganisha nguvu ya mwendo wa kimiminika na nguvu ya mnato: ikiwa ndogo mtiririko ni tulivu, ikiwa kubwa huwa wa msukosuko.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kwa mkono

Chukua karatasi kabla hujawasha kompyuta. Densiti ya kimiminika ni kg 1056 kwa mita ya ujazo na mnato wake ni 0.0035 Pa·s, ambao unakaribia mnato wa damu. Kiasi kinachopita ni mililita 5.21 kwa sekunde. Ukigawanya kwa eneo la bomba la kuingilia unapata kasi ya wastani ya 0.046 m/s, na ukigawanya kwa eneo la koo unapata 0.415 m/s, yaani mara tisa, kwa kuwa kipenyo kimepungua mara tatu.

Sasa jiulize mtiririko unahitaji umbali gani ili ukomae, yaani ufikie umbo la parabola ambalo kasi ya katikati ni maradufu ya wastani. Kwa mtiririko tulivu, umbali huo ni takriban 0.06 mara namba ya Reynolds mara kipenyo. Kwenye koo jibu ni mm 120, na koo letu lina mm 40 tu. Kwa hiyo mtiririko utatoka kwenye koo kabla haujakomaa, na kasi ya katikati ni lazima iwe kati ya 0.415 na 0.83 m/s. Ukija kuona 0.9 baadaye, utajua mara moja kwamba kuna kosa, na hutahitaji mtu wa kukuambia.

Kadiria pia shinikizo. Kwa kanuni ya Poiseuille, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa Ufaransa aliyechunguza mtiririko katika mirija myembamba, msuguano kwenye koo pekee ungekula takriban Pa 116 kama mtiririko ungekuwa umekomaa. Ongeza shinikizo linalotumika kuuongezea mtiririko kasi unapobanwa, na jumla kutoka kwenye bomba la kuingilia hadi mwisho wa koo itaangukia mahali fulani kati ya Pa 200 na 300. Weka karatasi hiyo pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya pili: chora umbo na utengeneze wavu (umbo lililogawanywa katika seli ndogondogo za kufanyia hesabu)

Kwa kuwa nozeli ni ya duara na mtiririko katika hali hii ni tulivu, hakuna haja ya kuiga duara zima. Tunakata kabari nyembamba, yenye pembe isiyozidi digrii 5 na unene wa seli moja, na kuieleza katika faili la blockMeshDict. Kuta mbili za kabari zipewe aina ya wedge, inayoiambia programu kwamba umbo zima ni la duara.

Bomba la kuingilia liwe na urefu wa mm 120 au zaidi, ili mtiririko ukomae kabla ya kuifikia koni. Koni ina urefu wa mm 22.685, unaotokana na pembe yake ya digrii 20 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Baada ya koo, bomba la kutokea ulipe mm 300 hivi. Watu wengi hubania sehemu hii ili kuokoa muda, nao hujiponza wenyewe: kimiminika kinachotoka kwenye koo huenda mbele kama mchirizi mwembamba, huku pembeni yake kukiwa na eneo refu ambamo kimiminika kinarudi nyuma. Eneo hilo likifika kwenye mlango wa kutokea, matokeo yote yanaharibika.

Kuhusu ukubwa wa seli, anza na seli 20 kutoka katikati hadi ukutani kwenye koo, yaani mm 0.1 kila moja, na mm 0.4 kwa urefu. Jumla itafika makumi ya maelfu ya seli, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida ya mkononi inakimudu bila shida. Endesha checkMesh, amri inayokagua ubora wa wavu, na usome inachosema. Ikilalamika, rekebisha kwanza ndipo uendelee.

Hatua ya tatu: weka masharti ya mipaka

Kwenye mlango wa kuingilia weka kasi ya 0.046 m/s, na shinikizo liwe zeroGradient, yaani lisibadilike kuvuka mpaka huo. Kwenye mlango wa kutokea shinikizo liwe sifuri na kasi iwe ya aina ya inletOutlet, ambayo huzuia kimiminika kisirudi ndani kiholela. Ukutani kasi ni sifuri.

Hapa kuna mtego unaowanasa karibu wanafunzi wote. Vitatuzi vya OpenFOAM vya mtiririko usiobanika hutumia shinikizo lililokwisha kugawanywa kwa densiti, na vivyo hivyo mnato. Kwa hiyo mnato unaouandika ni 0.0035 ukigawanywa kwa 1056, yaani 3.314 × 10⁻⁶ m²/s. Matokeo nayo yatakuja katika m²/s²: zile Pa 116 tulizozikadiria zitaonekana kama 0.11. Zidisha kwa 1056 kila unaposoma shinikizo au mkazo wa msuguano ukutani, na uandike kipimo pembeni ya kila namba unayoinakili.

Hatua ya nne: endesha kitatuzi

Tumia simpleFoam. Kwenye matoleo ya OpenFOAM Foundation kuanzia la 11, kazi hiyo hufanywa na foamRun kwa kuchagua incompressibleFluid. Njia ya hesabu iliyomo ndani, iitwayo SIMPLE, ilichapishwa na Patankar na Spalding mwaka 1972: kitatuzi hukisia shinikizo, hutafuta kasi, hupima ni kiasi gani uhifadhi wa tungamo umevunjwa, kisha husahihisha shinikizo na kurudia. Chagua mtiririko wa laminar, yaani tulivu, bila modeli yoyote ya msukosuko.

Katika faili la fvSchemes, linaloeleza njia za hesabu, kwa sehemu ya mlinganyo inayobebwa na kasi, chagua linearUpwind badala ya upwind. Upwind ni imara na haisumbui, lakini huongeza mnato wa bandia usiokuwapo kwenye kimiminika, na mchirizi wetu utafifia mapema kuliko ulivyofifia maabara. Picha itapendeza, ilhali jibu si sahihi.

Usitegemee masalio ya milinganyo (kiasi ambacho milinganyo bado haijatimia) peke yake kujua kwamba hesabu imetulia. Weka kituo cha kufuatilia kasi katikati ya bomba, mm 20 baada ya koo, na subiri mpaka namba yake iache kubadilika.

Hatua ya tano: hakiki

Kwanza, linganisha kiasi kinachoingia na kinachotoka. Tofauti iwe ndogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu. Pili, rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza. Tatu, rudia kazi yote kwa nyavu mbili nyingine, mmoja wenye seli kubwa zaidi na mwingine wenye seli ndogo zaidi, na uone kama kasi na shinikizo vinasogea. Vikisogea sana, wavu wako bado hautoshi. Nne, na hili ndilo lililotuleta hapa, chora kasi ya katikati kuanzia kwenye koni hadi mwisho wa bomba, na uiweke juu ya vipimo vya maabara ambavyo FDA imevitoa kwa umma.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Damu si maji. Mnato wake hubadilika kulingana na kasi. Kwa nini tumetumia mnato mmoja?

Jibu: Marahaba. Ni kweli kwamba mnato wa damu hupanda sana inapokwenda taratibu, kwa sababu chembe nyekundu hushikana. Hata hivyo, kwenye mishipa mikubwa na penye kasi, mnato hutulia karibu na thamani tuliyoitumia. Zaidi ya hapo, kimiminika kilichotumika maabara kilitengenezwa makusudi kiwe na mnato usiobadilika, nasi tunaiga kile kilichopimwa. Ukienda kwenye uvimbe wa mshipa wa ubongo, ambamo damu huzungukazunguka polepole, jaribu modeli ya Carreau, ambayo mnato wake hubadilika, na ulinganishe majibu yote mawili.

Swali: Moyo hudunda, lakini hapa mtiririko ni wa kudumu. Je, somo hili lina maana kwa mshipa halisi?

Jibu: Lina maana kama msingi, ila halitoshi. Kipimo cha kutazama ni namba ya Womersley, inayolinganisha kasi ya mdundo na nguvu ya mnato. Kwa mshipa wa shingoni wenye nusu kipenyo cha mm 3 na mapigo 72 kwa dakika, inafika 4.5 hivi, na hapo umbo la parabola halipatikani tena. Itakubidi utumie kitatuzi kinachofuata wakati, kama pimpleFoam. Ila si kila swali la tiba linahitaji mdundo mzima. Upo uchunguzi wa mishipa ya moyo uitwao FFR-CT, wa kampuni ya HeartFlow, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2014. Huo hukadiria kwa uigaji ni sehemu gani ya shinikizo inayobaki baada ya mahali palipoziba, kazi ambayo vinginevyo hufanywa kwa kuingiza waya mwembamba wenye kipima shinikizo ndani ya mshipa. Uwiano wa 0.80 au chini yake huchukuliwa kuwa dalili kwamba kizuizi kinapunguza damu kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni fundi wa mifumo ya maji. Bomba letu lina kipenyo cha mm 200 na maji yanakwenda 1 m/s. Je, nifuate hatua hizi hizi?

Jibu: Mpangilio ni ule ule, lakini fizikia imebadilika. Namba yako ya Reynolds ni takriban 200,000, kwa hiyo mtiririko ni wa msukosuko na unahitaji modeli kama k-omega SST, pamoja na uangalifu mkubwa kwenye ukubwa wa seli zilizo karibu na ukuta. Hesabu ya mkono pia inabadilika: tumia mlinganyo wa Darcy na Weisbach, ambao kwa bomba laini utakupa upotevu wa karibu kPa 3.9 kwa kila mita 100. Nakushauri pia kwa dhati: kwa bomba lililonyooka, usifanye uigaji kabisa. Hesabu hiyo inatosha. Kompyuta itumie kwenye kiungo, valvu au mlango wa pampu, mahali ambapo fomula za vitabuni hazifiki.

Swali: Mkuu, nimefuata kila hatua, lakini masalio ya shinikizo yanapanda na kushuka bila kutulia, na kuna kasi hasi kwenye mlango wa kutokea.

Jibu: Hiyo kasi hasi ndiyo inayokueleza tatizo. Eneo la kurudi nyuma limefika mlangoni, kwa hiyo refusha bomba la kutokea hadi mm 400 na uanze upya. Kama masalio bado yanayumba, kagua kiasi kinachopita: aliyeandika 0.46 badala ya 0.046 anaiga namba ya Reynolds ya 5000, ambapo mchirizi huvunjika na kuwa msukosuko, na hakuna kabari wala mtiririko wa kudumu unaoweza kuueleza. Ukishapata jibu lililotulia, tuwekee hapa mchoro wa kasi ya katikati pamoja na faili la fvSchemes, ili tuutazame mbele ya vipimo vya maabara.