Namna ya kukagua makao ya wazee kwa mzazi mwenye dimenshia (maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu) nchini Uingereza

Kabla ya kuyatembelea makao yoyote, soma ripoti ya ukaguzi ya Care Quality Commission, chombo kinachosimamia huduma hizi England na kuzipanga katika madaraja manne. Ila angalia tarehe yake, kwa kuwa ripoti ya zamani haielezi wahudumu waliopo leo.

Nenda wakati wa chakula, kisha rudi jioni, saa ambazo wagonjwa wengi huzidiwa na wasiwasi. Tazama kama mhudumu huketi karibu na mzee na kumsubiri ameze kabla ya kumpa kijiko kingine, au humlisha akiwa amesimama huku akizungumza na mwenzake. Kwangu mimi, jambo hilo linaeleza mengi kuliko mapazia mapya. Uliza usiku hubaki wahudumu wangapi.

Mzazi aliyekulia Kiswahili huenda Kiingereza kikamtoka kwanza, hivyo uliza ni nani atakayemwelewa akisema ana kiu au anataka kwenda msalani, na, ikiwa ni Mwislamu, ni nani atakayemsaidia kutawadha. Usitie saini mkataba kabla ya kusoma kifungu cha kupandisha ada.