Somo: Kubadilisha waya wa taa ya zamani ya Serge Mouille bila kuiharibu

Serge Mouille alizaliwa Paris mwaka 1922 akafariki mwaka 1988, na fani yake ya kwanza ilikuwa kufua vyombo vya madini ya fedha, ambayo baadaye aliifundisha. Kwenye taa aliingizwa na Jacques Adnet, mkurugenzi wa Compagnie des Arts Français, kampuni ya samani na mapambo ya nyumba, ambaye mapema katika miaka ya 1950 alimwagiza abuni taa kubwa, wakati ambapo taa za Kiitaliano ndizo zilizokuwa zikisifiwa. Mouille aliziona zina mambo mengi kupita kiasi. Akatoa taa ya kusimama sakafuni yenye miguu mitatu myembamba, mikono mitatu inayozunguka na kofia za alumini, nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani.

Naeleza haya kwa sababu anayeifungua taa hii akiichukulia kama kifaa cha umeme tu ataiharibu. Mgongoni mwa kila kofia kuna kifundo kinachofanana na chuchu, nacho si pambo: humo ndimo holda ya balbu inamokaa. Umbo lenyewe ndilo linaloficha umeme, kwa hiyo kazi yetu ni kuugusa umeme na kuliacha umbo kama lilivyo.

Hatua ya kwanza. Chomoa plagi, kisha piga picha za kila kiungo kutoka pande mbili kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Angalia mikono imepinda kuelekea wapi, maana mpangilio wake ukikosewa taa itaelemea upande mmoja.

Hatua ya pili. Ondoa balbu, kisha kagua waya pale unapoingia kwenye holda. Balbu za zamani zilikuwa za moto, na joto lake hukausha ganda la waya hadi likakatika kama biskuti. Likipasuka unapolikunja kidogo kwa kidole, usijaribu kuliziba kwa utepe. Waya wote ubadilishwe. Ufaransa ya wakati huo ilitumia sana holda za pini, zile ambazo balbu husukumwa na kuzungushwa kidogo, na hizi bado zimo katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania, kwa hiyo usikimbilie kufunga holda ya skrubu, ile ambayo balbu huzungushwa mara kadhaa. Kama holda ya zamani imechoka, ihifadhi kwenye mfuko pamoja na skrubu zake.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira. Funga ncha ya uzi imara kwenye waya wa zamani, zungushia utepe mwembamba, kisha vuta waya huo polepole kwa ncha yake nyingine hadi uzi utokee upande wa pili wa bomba la taa. Uzi huo ndio utakaovuta kebo mpya. Chagua kebo laini yenye nyaya tatu ndani yake, kwa kuwa taa ya chuma lazima iwe na waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na kama bomba ni jembamba mno kwa kebo hiyo, mwone fundi umeme kabla ya kuendelea. Kwenye kila kiungo kinachozunguka acha waya uwe na ulegevu kidogo, la sivyo mkono ukigeuzwa utaukata.

Hatua ya nne. Kabla ya kuwasha, plagi ikiwa bado imechomolewa, pima kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye ukinzani (ohm). Kati ya pini ya ethi na kila sehemu ya chuma usomaji uwe karibu na sifuri. Kati ya chuma na pini nyingine mbili pasiwe na njia kabisa, swichi ikiwa imewashwa na balbu haimo. Kofia ipime peke yake, mahali pasipo na rangi, kwa sababu rangi iliyoingia kwenye kiungo huweza kukata ethi bila wewe kujua. Ukimaliza, tia balbu ya LED isiyotoa joto kali.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mombasa: Shikamoo mwalimu. Rangi nyeusi ya kofia imebanduka na alumini inaonekana. Je, nipige msasa na kupaka upya?

Jibu: Marahaba. Kama ni taa ya asili, usiiguse, kwani rangi ya kwanza ni sehemu kubwa ya thamani yake. Ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu. Kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu, hofia zaidi miguu, ambayo ni ya chuma: ipake nta nyembamba.

Mwanachama wa Dodoma: Nitajuaje kama yangu ni ya asili?

Jibu: Kwa picha tu siwezi kukuambia, na anayedai anaweza, mtilie shaka. Mouille aliacha kutengeneza taa katika miaka ya 1960, lakini zipo zinazotengenezwa Ufaransa leo kihalali, zenye namba, na zipo nakala nyingi zisizo na ruhusa. Anza na karatasi za mauzo na historia ya waliokuwa nayo, kisha mwonyeshe mtaalamu wa mnada.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Kofia moja inainama yenyewe kila nikiiinua. Nikaze kiungo?

Jibu: Nilipokuwa mwanagenzi nilikaza kiungo cha namna hiyo kwa koleo, na meno yake yakaacha mikwaruzo kwenye shaba ya manjano ambayo bado naiona akilini. Funika kiungo kwa ngozi laini, kaza robo mzunguko, jaribu, kisha robo nyingine ikihitajika. Usitie mafuta, kwa sababu kofia inashikiliwa na msuguano, na mafuta yataifanya iiname zaidi.