Mzigo wa Msaada Ufungwe kwa Kipimo cha Anayeubeba

Vijana wenzangu wa Mombasa, Mto Tana utavunja kingo tena, na makundi yetu ya WhatsApp yatajaa ujumbe wa "tuchange tupeleke kitu". Naandika mapema jinsi sisi wa Kisauni tunavyofanya, ili mnaotaka kuanza msianzie gizani.

Vimbunga vya baharini kwetu ni nadra. Hata Hidaya, Mei 2024, kiliishia upande wa Mafia na pwani ya Tanzania. Balaa letu hutokea bara. Mvua hunyesha Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mabwawa yaliyopangana kwenye Mto Tana kuanzia Masinga hadi Kiambere yanajaa na kumwagika, kisha siku kadhaa baadaye maji yanaingia vijiji vya Garsen, kaunti ya Tana River, pengine huku jua linawaka. Kwa hiyo tangazo la mabwawa kufurika likisomwa redioni, anzeni kuchanga siku hiyohiyo. Msingoje picha za watu waliopanda juu ya mapaa.

Kabla ya kununua hata kiberiti, piga simu. Mpigie naibu wa chifu, mpigie mzee wa kijiji, kisha mtafute mama mmoja aliyeko kambini, kila mtu peke yake. Salimu vizuri, uliza hali, usikimbilie hesabu. Halafu uliza: familia ni ngapi, zimehamia wapi, zimeshapata nini, na gari linaishia wapi. Waulizeni pia Msalaba Mwekundu wameshafika wapi, msije mkarundika unga kambi moja na nyingine ikalala njaa. Umuhimu wa yule mama wa kambini niliujua siku mama mmoja aliponiambia, "Mwanangu, unga tunao, lakini sufuria zimechukuliwa na maji, watu hamsini tunangojeana sufuria moja." Mzee wa kijiji hakulitaja hilo, na chifu vilevile.

Swali la gari linaishia wapi ndilo linaloamua mtakavyofunga mzigo. Lori letu huishia kwenye lami. Baada ya hapo ni mtumbwi, na baada ya mtumbwi ni kichwa cha mwanamke aliyelala vibaya, pengine ana mtoto mgongoni. Gunia la kilo 90 la maharagwe linapendeza kwenye picha ya kuondoka Mombasa, lakini likifika ukingoni mwa maji litapasuliwa matopeni, na wenye nguvu ndio watakaochota kwanza. Kila familia iwe na mzigo wake, umefungwa tayari, unaobebeka na mtu mmoja.

Sisi tunatumia ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Ndani tunaweka pakiti 3 za unga wa kilo 2, maharagwe kilo 2, sukari kilo 1, mafuta lita 1, chumvi nusu kilo, mche wa sabuni, kiberiti, na chupa ya dawa ya kutibu maji. Jumla inakuja kilo 12 hivi pamoja na ndoo. Unga unakaa chini, chupa ya mafuta inasimama katikati ikibanwa na maharagwe pande zote, kiberiti kinafungwa ndani ya karatasi la sukari. Kifuniko kibonyezwe mpaka kilie, kisha uiinamishe ndoo uone kama kinashika. Mtumbwi ukiingiza maji, chakula kinabaki kikavu, na kikishaliwa, familia ina chombo safi cha kuwekea maji ya kunywa. Mwisho wa 2023 mafuriko na kipindupindu vilikwenda pamoja Tana River, kwa hiyo ndoo na ile dawa ni msaada sawa na unga. Waelezeni watu kwa mdomo: maji ya matope yachujwe kwa leso iliyokunjwa, dawa itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wangoje nusu saa ndipo wanywe. Ndoo zilizotumika za mafuta ya kupikia zinafaa zikioshwa kwa maji moto na sabuni. Za rangi msiziguse.

Nafaka tunanunua soko la Kongowea kwa jumla na kupima wenyewe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, basi tumieni kaki. Unga huja bandali ya pakiti 12, yaani bandali moja inatosha familia 4, na hesabu ya pesa inakuwa rahisi kumwonyesha kila aliyechanga. Risiti zote zipigwe picha na kutumwa kwenye kundi jioni hiyohiyo.

Nguo za mitumba, naomba muwe wagumu. Watu watawaletea makoti na viatu vya mguu mmoja. Pokeeni leso, mashuka na nguo za watoto zilizofuliwa, basi. Sodo zipakiwe peke yake na zigawiwe na wasichana wa kundi, kando, bila wanaume kusimama hapo.

Siku ya safari tunatoka baada ya sala ya alfajiri, tukiwa na barua ya chifu wa kule. Malindi tunasimama na kupiga simu tena kuhusu barabara. Maji yakiwa yamekata njia, dereva asijaribu, hata mkiwa mmebakisha kilomita 5. Futi 2 za maji yanayokwenda zinalibeba gari dogo, na ya magotini tu yanamwangusha mtu mzima. Hakuna kijana wa kupanda mtumbwi bila jaketi la kuokolea maisha, na nahodha awe mwenyeji anayejua mkondo na mamba wanakokaa.

Kule delta ya Tana, mto unapokaribia bahari, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji ni majirani, na machungu ya mapigano ya 2012 hayajasahaulika. Gawanyeni idadi ya ndoo kwa pande zote mbili kabla hamjaondoka Mombasa, na wazee wa pande zote waijue. Mkifika, majina yasomwe kutoka kwenye orodha, wajawazito, wazee na walemavu watangulie, kila mmoja akabidhiwe mkononi. Kurusha vitu kutoka juu ya lori ni kuwavunjia watu heshima. Picha pigeni za ndoo. Mtu aliyepoteza nyumba asiinuliwe uso ndipo apewe unga.

Pesa zikibaki, msinunue chakula kingine. Ziwekeni mpaka maji yapwe, mpige simu tena, mpeleke mbegu za mahindi na pojo pamoja na majembe, maana mkulima wa mtoni hupanda kwenye unyevu ule ule ulioachwa na mafuriko, na udongo ukishakauka msimu umempita.