Siku moja ndani ya shimo la akiolojia: namna ya kushuka bila kupoteza kitu

Jambo yenu wote. Kiangazi kimefika, na wanafunzi wapya watashika mwiko wa mwashi kwa mara ya kwanza, kwa hiyo naeleza kazi ya siku nzima, kuanzia kamba hadi kufunika. Natumia shimo dogo la mita 1 kwa 2, kama lile la mafunzo tunalofungua kando ya mto Kafubu. Ukilimudu hilo, kubwa halitakushinda.

Neno moja kabla ya jembe. Hapa Lubumbashi ukisema "ninachimba", watu wanawaza shaba na kobalti. Mchimbaji wa madini anatafuta jiwe, akilipata analibeba, na udongo uliobaki ni takataka. Kwetu sisi udongo ndio wenye habari. Chukueni misalaba ya shaba ya Sanga, kule ziwa Kisale. Wanaakiolojia Hiernaux na Nenquin walichimba makaburi yale mwaka 1957 na 1958, kisha Pierre de Maret akarudi 1974. Katika makaburi ya zamani zaidi msalaba ulikuwa mkubwa, umelazwa kifuani mwa marehemu. Katika yale ya baadaye misalaba ni midogo, mingi, karibu na mikono au kiuno. Ukubwa wake na mahali ilipolala ndivyo vilivyoonyesha kwamba kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa pesa. Kama mtu angeing'oa usiku na kuiuza, tungebaki na shaba ya kupima kwa kilo.

Hatua ya 1: Kamba. Pigeni vigingi sentimita 10 nje ya ukingo, visije vikaanguka na udongo. Pembe ziwe sawa: upande wa mita 1 na upande wa mita 2 vinatoa mita 2 na sentimita 24 kutoka pembe hadi pembe. Pimeni mishazari yote miwili. Ikitofautiana, shimo limepinda, rudieni. Kisha chagueni alama moja isiyosogea, jiwe kubwa au nguzo ya zege. Vina vyote vya siku vitapimwa kutoka hapo, kwa kamba na nivo ya maji (kipimo cha usawa) kama ya mwashi. Msipime kutoka kwenye nyasi, maana kesho nyasi hazipo.

Hatua ya 2: Lundo la udongo. Liwe mbali na ukingo, mita 1 au zaidi, upande ambao upepo unaelekea. Basi.

Hatua ya 3: Mwiko. Hapa ndipo siku yote inapoishia, na hapa ndipo nawaomba uvumilivu. Mwiko wa mwashi, ule mafundi wetu wanauita truele, unashikwa kwa ubavu na kuvutwa kuelekea kwako. Hauchomwi chini hata mara moja. Kwanguni sakafu yote kwa usawa, watu wawili mkirudi nyuma pamoja, ili msikanyage mlipokwisha kusafisha. Rangi ikibadilika, simameni, hata kama hamjafika sentimita 10 mlizopanga. Tabaka ndilo linaloamua, si rula.

Asubuhi jua likiwa chini bado, nyunyizeni maji kidogo sakafuni kwa pampu ya mkono. Udongo wetu mwekundu ukikauka unafanana wote. Ukilowa, mabaka yanajitokeza: duara la kijivu upana wa kiganja, labda nguzo ya nyumba iliyooza, doa jeusi lenye kingo laini, labda shimo la takataka. Lizungushieni uzi mlipige picha, kisha chimbeni nusu tu. Nusu inayobaki itawaonyesha umbo lake kwa ubavu.

Kigae kikichomoza, mkono uzuie. Msimu wangu wa kwanza niliona shingo ya chungu, nzuri, yenye mistari ya kuchorwa kwa sega, nikaivuta. Ilikatika, na chini yake kulikuwa na vipande vingine vilivyopangana kama vilivyoangukia sakafuni siku ile chungu kilipovunjika. Nilivisogeza vyote. Mpaka leo chungu kile kina namba bila kina, na hakuna mtu anayeweza kukitumia. Safisheni pembeni kwa kijiti cha mwanzi na broshi mpaka kigae kisimame peke yake, kipimeni, kipigeni picha, ndipo kitoke.

Hatua ya 4: Chekeche na mifuko. Kila ndoo inapita kwenye chekeche chenye matundu ya milimita 5. Shanga na mifupa ya samaki mwiko hauvioni. Kila mfuko una karatasi mbili, moja ndani, moja nje: jina la mahali, tarehe, mraba, tabaka, kina, herufi za mchimbaji. Andikeni kwa penseli, maana wino unayeyuka kwa unyevu. Mfuko usio na karatasi siufungui tena, hata kama ndani kuna kitu kizuri.

Makala, yaani makaa ya kuni, ya zamani msiyashike kwa vidole. Chukueni kwa ncha ya mwiko safi, mfunge kwenye karatasi ya alumini. Ndani yake mna kaboni 14, ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730; kwa kupima iliyobaki tunajua umri, na ndiyo saa yetu. Jasho, mafuta na majivu ya sigara yanaichafua.

Hatua ya 5: Ukuta. Kabla ya jua kuzama, nyoosheni kuta nne na mchore mmoja kwa kipimo cha 1 kwa 10. Mchoro mbaya uliofanywa leo unazidi mzuri uliofanywa kwa kumbukumbu. Shimo likipita kina cha kiuno, asiwepo mtu ndani peke yake, na ukingo usikaliwe.

Hatua ya 6: Kufunika. Siku za kazi zikiisha, tandazeni plastiki chini, juu yake chupa yenye karatasi ya tarehe, ndipo udongo urudi. Atakayechimba baadaye ajue tulifika hapo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, majirani wanasema tumepata madini na tunawaficha. Tuwaambie nini?*

Nendeni kwa shefu wa mahali kabla ya kamba ya kwanza, na mama na baba wa jirani waalikwe kwenye chekeche, washike wenyewe. Mama mmoja alikaa nasi mchana mzima, akatuonyesha kwamba kigae tulichokiita sahani ni kifuniko, kwa sababu bibi yake alikuwa na cha namna hiyo.

*Yaya, huku tunachoma makala porini kila mwaka. Nitajuaje kama makala niliyoyakuta ni ya kale?*

Swali zuri sana. Tanuru la makala linaacha doa kubwa karibu na juu, na udongo wa chini umeiva ukawa mwekundu mkali. Chukua sampuli pale tu tabaka la juu halijatobolewa, na makala yawe pamoja na vigae. Kisha tafuta njia za mchwa. Mchwa wetu wanapandisha na kushusha udongo, na kipande kidogo cha jana kinaweza kukutwa kina cha mita 1. Ukiona njia yao, andika hivyo kwenye karatasi, na uchukue sampuli nyingine mbali nayo.

*Nimechimba msingi wa choo Katuba nikakuta chungu kizima. Nikitoe?*

Hapana, kaka. Weka rula pembeni, piga picha kutoka juu na kutoka ubavuni, kifunike kwa udongo ule ule, halafu uwaarifu watu wa Makumbusho ya hapa Lubumbashi. Tangu 1971 nchi yetu ina sheria inayolinda vitu hivi. Choo kinaweza kusogea mita 2.

*Na nikikuta mifupa ya mtu?*

Simamisha kazi saa ile ile, funika kwa kitambaa, mwite mkuu wa mtaa na polisi kwanza, sisi baadaye. Mfupa hausemi umri wake kwa macho. Inawezekana familia yake inaishi nyumba ya pili.