Kumlisha hei ng'ombe wa maziwa wa nyumbani wakati wa kiangazi

Kwa familia inayofuga ng'ombe mmoja bandani, kama ilivyo desturi katika vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) vya Kilimanjaro, taabu ya malisho huanza mara masika yanapokwisha. Majani ya kando ya migomba hupungua, mabingobingo (majani marefu ya kulishia mifugo) yaliyokatwa mwezi Juni hayachipui tena kwa kasi, na akina mama huteremka tambarare kufuata nyasi na mabua ya mahindi, kisha huyapandisha mlimani kichwani au kwa gari la kukodi. Hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa, ikiwekwa stoo mapema huwapunguzia safari hizo. Hata hivyo wafugaji wengi huilaumu kwamba inakata maziwa, na kwa niliyoyaona, lawama hiyo mara nyingi ingestahili kuelekezwa kwenye ndoo ya maji na si kwenye hei.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya kiangazi kizima. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji kila siku chakula kikavu kinachokaribia asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12 hivi bila kuhesabu maji yaliyomo. Kwa kuwa hata hei iliyokauka vizuri hubaki na unyevu kidogo, angekula hei tupu angemaliza kilo 14 kwa siku. Nyumbani, hata hivyo, yapo majani mabichi machache na pumba, hivyo tuchukue kilo 8 za hei. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku 153, nazo zitahitaji kilo 1,224. Robota, yaani mzigo wa hei uliobanwa na kufungwa kwa kamba, likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 82, na ni busara kununua 90, kwa sababu kiasi fulani hakikosi kuharibika au kubaki horini. Pima marobota mawili matatu kwa mzani wa kuning'iniza kabla ya kulipa, maana robota lililofungwa kwa mkono ndani ya kasha linaweza kuwa kubwa kwa macho na jepesi kwa uzito.

Ubora wa hei hauonekani kwa nje. Mwaka mmoja nilinunua mzigo uliokuwa na rangi ya kijani ya kuvutia, na nilipofungua marobota nyumbani nikakuta katikati ya baadhi yake kuna tabaka jeupe la ukungu lililoshikamana kama pamba iliyolowa. Tangu hapo siondoki na mzigo kabla ya kuomba robota moja lifunguliwe. Ninachambua konzi moja na kutazama majani: hei yenye majani mengi yaliyoshikilia mabua membamba ilikatwa nyasi zilipoanza kutoa maua, ilhali mabua manene yenye masuke yaliyokwisha pukutisha mbegu ni dalili kwamba nyasi zilizeeka na virutubisho vyake vilishashuka. Kisha ninalisogeza konzi hilo puani. Hei nzuri hunukia kama nyasi zilizoanikwa, na hei iliyofungwa mbichi hunukia uvundo na kutoa vumbi linalokera koo. Hei yenye ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa hata ukiichanganya na molasi ili aikubali, kwa sababu huenda ina sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ambayo hupita hadi kwenye maziwa wanayokunywa watoto, na kuyachemsha hakuiondoi.

Stoo iwe na paa lisilovuja na upepo wa kutosha, na marobota yalale juu ya miti au mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Katika wiki za mwanzo penyeza mkono katikati ya rundo. Ukihisi joto, yatoe nje uyafungue na kuyaanika, kwani hei yenye unyevu huchemka yenyewe na inaweza hata kuwaka moto.

Usimhamishe ng'ombe kutoka majani mabichi kwenda hei kwa siku moja. Vijidudu vya tumboni mwake vinavyosaga nyasi huhitaji muda wa kuzoea, kwa hiyo anza na kilo 2 na uongeze kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Kata kamba, ivute yote na uitundike msumarini kabla ya kutawanya hei, maana kipande cha kamba au waya kikimezwa kinaweza kumwua. Gawa chakula cha siku katika mafungu matatu, na fungu kubwa liwe la jioni, kwa kuwa usiku ni mrefu na ng'ombe huutumia kula na kucheua. Hakuna haja ya kuikatakata hei laini. Urefu wake ndio unaomfanya acheue, na kucheua husaidia maziwa yawe na mafuta. Asubuhi horini pabaki kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Hori likikutwa limelambwa safi kila siku, mnyama hashibi.

Hei ya nyasi peke yake ina protini kidogo kwa ng'ombe anayekamuliwa. Ongeza majani ya mimea ya malisho yenye protini nyingi, kama miti ya lusina na kaliandra au mmea wa desmodiamu, lakini lusina isizidi theluthi moja ya chakula chote, kwa kuwa ina kemikali inayodhuru ikizidi. Chumvi ya madini iwepo wakati wote. Ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa, akisubiri kuzaa apewe hei ya nyasi, na lusani (alfalfa, mmea tofauti na lusina) usimpe kwa wingi katika wiki za mwisho, kwani kalisiamu yake nyingi inaweza kuchangia homa ya maziwa, yaani kupungukiwa ghafla na kalisiamu katika damu, baada ya kuzaa.

Sasa nirudi kwenye maji. Kilo 40 za majani mabichi hubeba ndani yake lita zipatazo 30 za maji. Kilo 10 za hei hubeba lita moja na nusu tu. Ndoo moja ya lita 20 asubuhi na nyingine jioni, ambazo zilitosha wakati wa masika, zinakuwa pungufu kabisa siku anapohamia kwenye hei, na maziwa hupungua ndani ya siku chache. Ng'ombe anayetoa lita 10 anaweza kunywa lita 60 au zaidi siku ya joto. Njia iliyo bora ni pipa lililokatwa, lijazwe na lisafishwe, likae mahali anapolifikia mchana na usiku. Ningependa kila mwenye ng'ombe ahakikishe hilo kabla hajatoa senti moja kununua hei.

Wiki mbili baada ya kuanza, mtazame anapolala mchana. Donge analocheua akilitafuna mara 50 hadi 70 kabla ya kulimeza, hei inamfaa. Tazama na kinyesi chake: kikiwa kikavu na kimerundikana kama vitumbua vilivyopangwa, ongeza maji kwanza, na kisipolainika ndani ya siku chache, ongeza majani ya lusina.