Take: kitenzi cha kila siku kwa vijana wanaotembeza wageni Lamu

Kijana, ukitaka mgeni akuelewe tangu gatini, shughulika na kitenzi cha Kiingereza take kabla ya kingine chochote. Shuleni ulifundishwa kuwa ni "chukua". Ni kweli, lakini kwa kazi yetu maana hiyo ndiyo utakayoihitaji mara chache zaidi.

Anza na "peleka". Mgeni ameshuka ndege Manda, unamvusha mjini: I will take you to Lamu town. Sasa umpigie simu mwenye nyumba anayemngoja mjini. Kwake yeye mgeni analetwa, kwa hiyo utasema I am bringing your guest. Take ni peleka, bring ni leta. Mama akikuambia "leta maji" na "peleka maji" huwezi kuchanganya. Basi fuata sikio lako hilohilo. Vijana wengi hukosea hapa kwa kuwa wameshikilia "chukua".

Kisha muda. Kila mgeni atakuuliza. Sentensi huanza na it: It takes about forty minutes to walk to Shela. Ile s ya takes itamke isikike. We use forty minutes waachie wengine.

Chombo nacho hutumia take: We take the boat to Takwa at high tide. Takwa ni magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Hapo eleza na sababu, kwamba maji yakitoka mkondo wa mikokoni haupitiki. Wageni hupenda kujua.

Kuvua viatu ni take off. Mlangoni mwa msikiti wa Riyadha sema Please take off your shoes. Ukitaja "viatu" kwa them, neno hilo huingia katikati: take them off. Take off them si Kiingereza.

Suala la picha nalishikilia sana. To take a picture ni kupiga picha, na mgeni umfundishe kuuliza kwanza: May I take your picture? Akina mama wetu si mandhari. Wakikataa, kamera irudi mkobani, nawe usimbembeleze mtu kwa ajili ya mgeni.

Kwa jana sema took: I took them to Takwa yesterday. Baada ya have na is tumia taken. Taked haipo kabisa. Na botini, mtu akitaka kukaa pahali palipowekewa mwenziwe, mwambie kwa upole: Sorry, this seat is taken.